Usilipe hiyo nyumba ya kijijini kabla hujasoma ubao wa matangazo

Mdogo wangu, usilipe Ijumaa. Usilipe hata ile hela ndogo ya kushikilia nyumba, maana ukighairi wewe mwenyewe, wakala wa nyumba na mwenye nyumba wana haki ya kubaki nayo. Sheria inawabana isizidi kodi ya wiki moja, sawa, lakini kodi ya wiki moja unajua mwenyewe umeitolea jasho kiasi gani.

Nimesoma uzi wako nikiwa mapumziko kazini mpaka chai ikapoa. Umepata kijumba kijijini Norfolk, mashariki mwa Uingereza, kodi karibu nusu ya unayolipa mjini Luton, wakala amekuonesha kituo cha basi kiko mbele ya geti na amekuhakikishia usafiri hautakusumbua. Halafu unatuuliza habari za baridi, shule ya mtoto, kanisa, unga wa sembe na kama Wazungu wa shamba ni wabaguzi. Kuhusu basi hujauliza chochote, umeshaliamini. Na mimi niliamini hivyo hivyo huku Lincolnshire. Nguzo ya kituo nilikuwa naiona kutoka dirisha la jikoni, nikajiona nimebarikiwa.

Nguzo ni chuma tu, aisee. Basi huondoka, nguzo ikabaki pale miaka na miaka inanyeshewa.

Ngoja nikueleze basi la kijijini linavyoishi, kwa sababu wakala hatakueleza. Tangu 1986, sehemu nyingi za nje ya London, kampuni za mabasi hujichagulia njia zenyewe, na kampuni huenda penye abiria. Kijiji cha nyumba sitini hakina abiria wa kuijaza hata Hiace. Kwa hiyo hilo basi uliloliona linapita pale kwa sababu halmashauri ya kaunti (kaunti ni kama mkoa) inalitolea ruzuku. Bajeti ikibana, na za halmashauri zimebana miaka mingi sasa, macho yote huenda kwenye ile ruzuku. Sheria inawalazimisha kuhudumia wazee na watoto walio hatarini, haiwalazimishi kukuwahisha wewe zamu ya asubuhi.

Mimi nilihamia wakati wa vuli. Nafanya kazi nyumba ya wazee mjini, maili kama tisa hivi. Basi la asubuhi lilinifikisha kwa wakati, la jioni likanirudisha, Jumapili halikuwepo lakini meneja alishanipangia. Maisha safi. Nikapiga picha kondoo kwenye uzio nikawatumia nyumbani, wakasema nimeukata.

Februari nikakuta karatasi imegandishwa kwenye nguzo: kuanzia Aprili huduma inasitishwa. Aprili ndiyo mwaka wao wa fedha unapoanza, andika hilo mahali. Likabaki basi moja la siku ya soko, linaondoka saa tatu na nusu asubuhi na kurudi saa saba mchana. Zuri sana kama unakwenda kununua kabichi.

Nikampigia wakala. Yule yule aliyesimama na mimi pale kituoni akaigusa nguzo kwa mkono, "usafiri upo hapa hapa." Akaniambia kwa sauti ya upole kabisa kwamba mabasi hayamo kwenye mkataba. Mkataba ulikuwa wa mwaka mzima, hauna kipengele cha kutoka katikati, na nikitaka kuondoka nitaendelea kulipa mpaka apatikane mpangaji mwingine. Sasa nani anakuja kupanga kijiji ambacho basi limeondolewa? Mwenye gari, na mwenye gari ana vijiji mia vya kuchagua. Mpangaji huyo alipopatikana, nilishakuwa nalipa kodi mbili, ya kijijini na ya chumba nilichokodi mjini ili nisifukuzwe kazi. Kabla ya hapo nilijaribu teksi. Teksi ya vijijini unalipa na ile safari yake ya kukufuata, kwenda na kurudi inakula nusu ya ulichoingiza siku nzima. Nikajaribu baiskeli. Watu watakwambia Lincolnshire ni tambarare, rahisi kwa baiskeli. Tambarare ndiyo, hakuna hata kichuguu cha kukinga upepo unaotoka Bahari ya Kaskazini, na barabara haina njia ya miguu, haina taa, na magari yanaruhusiwa maili 60 kwa saa. Nilivaa ile jaketi ya kung'aa mpaka wazee kazini wakaniuliza kama nimehamia idara ya barabara.

Utasema ningeendesha gari. Leseni ya Tanzania inakuruhusu kuendesha miezi 12 tu tangu uanze kuishi Uingereza, na Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi ambazo leseni zao hubadilishwa bila mtihani. Mimi nilishakaa Leicester kupita huo muda. Nikaanza upya: leseni ya mwanafunzi, mtihani wa nadharia, halafu foleni ya mtihani wa barabarani, ambayo ukiisimulia Dar watadhani unasubiri kiwanja. Wewe kama bado uko ndani ya miezi 12, anza leo hii. Lakini hiyo si hoja yangu.

Hoja yangu ni hii. Siku nahamisha vitu, mzee jirani alikuja kunisaidia kubeba godoro. Nikamlalamikia kwamba basi wamelikata ghafla. Akaniangalia. Akasema ilitangazwa tangu Oktoba, kwenye jarida la kijiji na kwenye ubao, kukawa na kikao pale ukumbini, ofisa wa kaunti akaja kusikiliza watu. "Tulikutegemea wewe," akasema, "maana wewe ndiye tuliyekuona unalipanda kila siku." Yaani kijiji kizima walikaa kujadili basi, wazee wanaopanda mara moja kwa wiki wakasimama kulitetea, na abiria wa kila siku, mfanyakazi, mlipa nauli kamili, nilikuwa nyumbani naangalia tamthilia. Sisemi ningekwenda lingebaki. Ila ningejua tangu Oktoba, na Oktoba ningepata muda wa kuhama kwa akili.

Na hilo jarida lilikuwa linaingia mlangoni kwangu kila mwezi! Karatasi za kukunja, picha ya mnara wa kanisa mbele. Nilikuwa naliokota kwenye zulia nalitumbukiza moja kwa moja kwenye pipa la makaratasi bila hata kulifungua.

Kwa nini? Kwa sababu kuna mkubwa mmoja kwenye kundi letu la WhatsApp, mwenyeji wa siku nyingi, kila anayehamia anampa semina bure. Aliniambia: "Dada, wazungu wa shamba hawataki mgeni. Kaa ndani, piga kazi, tuma hela nyumbani, usijichanganye. Makaratasi ya mlangoni yote ni ya kanisa na pizza, tupa." Nikatupa. Baadaye nikaja kugundua bwana yule anaishi London, ghorofani, kijiji amekiona kupitia dirisha la treni. Bado yupo kundini, bado anatoa semina. Nimeona na wewe umepata mchangiaji wa aina hiyo hapo juu, huyo anayesema "kijijini hakuna habari, ni ng'ombe tu." Habari zipo tele, zimeandikwa, zimebandikwa, na wanazigawa bure.

Sasa sikiliza utaratibu. Vijiji vingi vya Uingereza vina halmashauri yake ndogo, wenyewe wanaiita Parish Council. Usidanganywe na jina ukadhani ni ya padri, walitenganishwa na kanisa kwa sheria ya 1894. Haina mtendaji mwenye mhuri wala mgambo. Ina wajumbe wasiolipwa mshahara na karani wa muda, mara nyingi mama mmoja mwenye kompyuta jikoni kwake. Madaraka yao madogo: mabenchi, kibanda cha basi, uwanja wa watoto, majani ya makaburini. Ila mambo mengi makubwa yanayokuja kutoka juu hupita mezani kwao kabla hayajakufikia wewe. Kikao kiko wazi kwa mtu yeyote, ajenda lazima itangazwe siku tatu kamili kabla, kumbukumbu za vikao zinawekwa wazi, na siku hizi nyingi ziko kwenye tovuti ya kijiji. Andika jina la kijiji ukiongeza Parish Council, utaziona.

Soma za mwaka mzima uliopita. Zote. Utasinzia kwenye habari za kinyesi cha mbwa, endelea. Mimi nilipozisoma za kile kijiji, kwa uchungu baada ya kuondoka, nilikuta neno "basi" kwenye vikao vitatu mfululizo kabla hata sijasaini. Vilikuwepo pale mtandaoni nikiwa nabishana na wakala habari za rangi ya pazia.

Kijiji ninachoishi sasa (ndiyo, nilirudi kijijini, nimekipenda, niacheni) nilikisoma kwanza. Nikajua shule yao inahangaika na idadi ya watoto, nikajua shamba la nyuma ya nyumba limeombewa kibali cha kujenga, nikajua barabara ya chini hufunikwa na maji mvua zikikolea. Wakala hakutaja hata moja. Nikamuuliza habari ya mafuriko, akakohoa.

Nyumba nyingi za vijijini hazina bomba la gesi. Kuna tangi la mafuta uani, na lori halikuletei chini ya lita 500 mara nyingi, unalipa kwa mkupuo. Wanakijiji huagiza kwa pamoja ili wapate bei, na tangazo la kujiandikisha liko wapi? Kwenye jarida. Mkeo asije akakwambia hukuonywa mwezi wa kwanza mkiwa mmevaa makoti mezani. Humo humo utaona siku ya gari la maktaba, posta inayokuja na gari na kuegesha saa chache, gari la samaki na chipsi, nani anauza mayai getini, lini barabara itafungwa Jumapili ya kumbukumbu ya vita mwezi wa Novemba. Wengine wanaandika mpaka paka aliyepotea. Cheka, lakini paka akipatikana kwako utajulikana kijiji kizima kwa wema.

Shule uliuliza. Kuanza darasa la mapokezi (Reception, lile la kwanza kabisa la shule ya msingi) mwisho wa kuomba ni 15 Januari, sekondari 31 Oktoba. Mtoto wa chini ya miaka 8 akiwa zaidi ya maili 2 kutoka shule ya karibu inayomfaa, kaunti inamsafirisha bure, kuanzia 8 ni maili 3. Angalia neno hilo "ya karibu", ukichagua shule ya mbali kwa sababu umeipenda, gharama ya usafiri inakuwa yako. Na kama shule ya kijiji inataka kufungwa, utaisoma kwenye kumbukumbu hizo hizo nilizokwambia.

Halafu kuhusu usafiri wa kuagiza: huku Lincolnshire tuna CallConnect, kibasi kidogo unachojiandikisha kisha unakiomba kwa simu au mtandaoni. Kinasaidia mno kwa daktari na sokoni. Kukitegemea kwa zamu ya alfajiri sikushauri, na Jumapili usikiwaze. Norfolk uliza kaunti wana mpango gani, usimuulize wakala, wakala ataigusa nguzo.

Kwa hiyo kesho, ukiwa huna zamu, nenda kwa hilo basi lenyewe wanalokusifia. Usiende na gari la rafiki. Ukishuka, kabla hujaangalia nyumba, tafuta ubao wa matangazo, una kioo, mara nyingi uko karibu na ukumbi au kanisa au kibanda cha basi. Piga picha kila karatasi. Jina na simu ya karani viko hapo. Mpigie, mwambie unafikiria kuhamia na unategemea basi namba fulani kwenda kazini. Makarani wanapenda kuulizwa, atakueleza mpaka ugomvi wa mwaka 2009. Kama basi lina walakini utaujua ndani ya dakika mbili.

Wale mnaokuja kuniambia "dada umeandika gazeti", lipiteni. Mleta mada, weka jina la kijiji hapa au nitumie ujumbe wa faragha (PM), nikitoka zamu usiku nitakutafutia kumbukumbu za vikao. Na wakala akikwambia kuna mteja mwingine anaisubiri nyumba, mwambie ampe.