Jibu: Makumbusho ya Nezu, Tokyo, niende lini?

Ndugu, kama tarehe za safari bado hujazifunga, nenda kati ya mwisho wa Aprili na mwanzo wa Mei. Ndipo kwa kawaida huonyeshwa viambaza viwili vya kukunja alivyochora Ogata Korin, mchoraji wa Kijapani wa zamani: maua ya airisi ya buluu na majani mabichi juu ya dhahabu tupu. Hakuna kingine: si mto, si daraja. Angalia kwa karibu, utaona baadhi ya vichaka vinajirudia kwa umbo lile lile. Na nje bustanini airisi halisi zinachanua wakati huo huo. Raha iliyoje!

Mkusanyiko wa sanaa wa makumbusho haya ulikuwa wa Nezu Kaichiro, bwana wa reli ya Tobu. Alifariki 1940, na mwanawe akafungua makumbusho 1941 kwenye kiwanja cha nyumba yao, mtaa wa Aoyama. Mabomu ya 1945 yaliunguza majengo, lakini vitu vyenyewe vilikuwa vimeshahamishwa. Jengo la sasa, la 2009, ni kazi ya msanifu majengo Kengo Kuma.

Ukikosa airisi, waulizie shaba za kale za Uchina, hasa chombo kilichobebwa na kondoo dume wawili waliopeana migongo. Mimi ningekwenda hata kwa hicho peke yake.