Kwa mafundi wapya wa sola huku Mtwara: msiifunge kontrola bila kuisoma

Pesa ya korosho ikishaingia simu zetu hazilali, kila mtu Tandahimba na Newala anataka sola, na hapo ndo vijana wengi mnaingia kazini. Karibuni sana wadogo zangu. Ila naona akili yote mnaiweka kwenye paneli na inveta, kontrola, kile kiboksi cha kati ya paneli na betri kinachoongoza chaji, mnabeba yoyote iliyopo dukani, wakati yenyewe ndo inaamua betri ya mteja idumu miaka au ife kabla ya msimu mwingine.

Anzia nyuma ya paneli, kwenye kile kikaratasi. Voc ni volti za paneli ikiwa haijaunganishwa na kitu, Vmp ni volti zake ikiwa kazini. Paneli ndogo ya seli 36 Vmp yake ni kama 18, hiyo kwa betri ya volti 12 kontrola ya PWM, ile aina rahisi, inatosha kabisa, usimtie mteja gharama za bure. Shida ni haya mapaneli ya wati 300 ya seli 72, Vmp 36 hivi na ampia kama 8.3. PWM haigeuzi volti za ziada kuwa ampia, inaiburuza tu paneli mpaka kwenye volti za betri, sasa piga 8.3 mara 13 unapata wati 108 tu na mteja kalipia 300! Hapo weka MPPT, aina ya kontrola inayogeuza volti za ziada kuwa ampia, jua likiwa kali betri hiyohiyo itapokea ampia 20 na zaidi.

Na hizo MPPT nazo fungua macho, maana kuna viboksi vimeandikwa MPPT kwa herufi kubwaaa alafu ukishika ni vyepesi kama sabuni ya kipande. Ya kweli ina koili ndani na bati nene la kupoozea, uzito utausikia mkononi. Saizi ya kontrola kwa ampia ni wati za paneli gawanya kwa volti za betri, 300 kwa 12 ni 25, ongeza robo inafika 31, kwaiyo nenda ya ampia 40. Alafu usizidishe volti za kuingilia: kontrola ambayo mwisho wake ni volti 100, paneli mbili za Voc 46 kwa siriazi ni 92, sawa, ya tatu unaichoma. Na kumbuka paneli ikipoa volti zinapanda, asubuhi za mwezi wa 7 kule Newala juu sio sawa na hapa mjini.

Setingi sasa, hapa ndo betri nyingi zinafia. Kontrola nyingi za bei rahisi zinakuja zimesetiwa betri kavu (iliyozibwa, isiyoongezwa maji), na kukata mzigo kwenye volti 10.7. Hiyo 10.7 kwa betri ya risasi, iwe kavu, ya jeli au ya maji, ni kuinyonya mpaka mifupa, pandisha 11.8 au hata 12, mteja atalalamika taa zinazima mapema, mwambie ukweli kwamba betri yake ni ndogo. Kuchaji, betri kavu 14.4 alafu float, yaani volti za kuishikilia ikishajaa, 13.6 hadi 13.8, ya jeli ishushe kidogo 14.1 au 14.2, ya maji inataka 14.6 hivi na maji ya betri yaangaliwe. Lithiamu ya LiFePO4 14.2 mpaka 14.6, ikwalaizi (ile chaji ya volti za juu ya kusawazisha seli) zima kabisa, na setingi ya kurekebisha volti kwa joto zima pia. Lakini kabla ya namba zangu soma lebo ya betri, hiyo ndo bosi.

Kwa betri za risasi joto la huku sio la kupuuza. Chumba cha bati kikifika nyuzi 35 volti za kuchaji zinatakiwa zishuke kama 0.2 au 0.3, kwaiyo kontrola ikija na waya wa sensa ibandike kwenye betri yenyewe, msiuache kwenye boksi.

Kuunganisha: betri kwanza, paneli baadae, kutoa unaanza na paneli. Fyuzi karibu na betri. Inveta iende moja kwa moja kwenye betri, zile tundu za mzigo kwenye kontrola ni za taa na chaji ya simu tu.

Mkifunga Mikindani, Msimbati, Kilwa, popote upepo wa bahari unapofika, paka grisi kwenye tamino maana chumvi inazifanya kijani haraka, na setingi ulizoweka ziandike kwa maka peni pembeni ya kontrola ili fundi atakayekuja nyuma yako asianze kubahatisha.