Mchanga wa Jangwani, udongo mweupe wa Pugu

MASWALI YENU

*Naishi Magomeni. Kila masika mto ukifurika unaacha mchanga barabarani pale Jangwani mpaka greda liitwe kuukwangua. Unatoka wapi wote huo, na utaisha lini?*
Msomaji, Magomeni Mapipa

Mwingi unatoka vilimani. Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu, upande wa Kisarawe, unateremka kupitia Vingunguti na Kigogo, unapita Jangwani na kuingia baharini pale daraja la Salenda.

Jiwe la Pugu halifai kupondwa kokoto. Ni mchanga ulioshikizwa na udongo mweupe uitwao kaolini. Hapo zamani katikati ya chembe za mchanga palikuwa na madini ya feldispa. Maji ya mvua yakayaozesha taratibu, kwa muda mrefu mno, hadi yakageuka udongo. Okota bonge ulisugue viganjani: litavunjika, vidole vitabaki vyeupe kama vya mwalimu wa hesabu, na kiganjani utabaki na mchanga unaokwaruza. Kilima kizima kimeshikwa na unga huo.

Msitu ukiwepo, majani na mizizi hupokea tone la mvua kwanza. Msitu ukigeuka mkaa, na miaka mingi mkaa huo umepikia mjini, tone hupiga udongo mtupu. Kaolini huelea na maji, ndiyo maana mto wa masika una rangi ya chai ya maziwa. Mchanga ni mzito, husukumwa chini chini hadi mahali mteremko unapokwisha, na mteremko unakwisha Jangwani. Kuisha hautaisha. Unaweza kupungua tu, kama msitu wa Pugu-Kazimzumbwi utaachwa usimame na watu wakiacha kuchimba mchanga wa kujengea kwenye kingo za mto, maana kila tripu inayotoka pale inailegeza kingo na masika yajayo inaanguka yenyewe.

*Mapango ya Pugu ni ya asili? Na kwa nini shule nyingi kongwe ziko huko juu?*
Msomaji, Temeke

Si ya asili. Ni mahandaki yaliyochimbwa enzi za Wajerumani kutafuta kaolini hiyo hiyo, ambayo hutengenezea vyombo vya kauri na hutiwa kwenye karatasi na rangi. Popo wamehamia baadaye. Ukienda, vaa viatu vyenye meno na uchukue tochi mbili. Kinyesi cha popo huteleza kama sabuni, na usiingie mara tu baada ya mvua kubwa, kwa kuwa dari ni jiwe lile lile linalovunjika kiganjani.

Kuhusu shule: Pugu iko mwendo wa siku moja kwa miguu kutoka bandarini, juu kidogo ya joto la pwani. Wabenediktini walifungua misheni hapo mwaka 1888, katika nchi ya Wazaramo. Januari 1889, vita vya Abushiri vikiwa vimepamba moto, ilishambuliwa na kuchomwa. Reli ya Kati ilipoanza kujengwa kutoka Dar mwaka 1905 ilipita humo humo, na treni ya SGR nayo ina kituo Pugu. Waanglikana walikuwa Minaki, Wakatoliki Pugu, katika shule aliyofundisha Nyerere hadi alipoacha kazi mwaka 1955 ili aishughulikie TANU. Mahali palipo karibu na mji lakini si mjini hupendwa na watu wa kila namna, na sasa zamu ni ya wanunuzi wa viwanja.

*Nimenunua kiwanja cha mteremko Pugu Kajiungeni. Nyumba ya jirani imepasuka ukuta na fundi anasema ardhi ya huku "inavimba". Nifanyeje?*
Msomaji, Gongo la Mboto

Udongo unaovimba ni ule mweusi wa mbugani. Kaolini haivimbi hivyo. Nyumba za kilimani mara nyingi hupasuka kwa sababu upande wa chini umesimama juu ya kifusi kisichoshindiliwa, au maji yamekula mchanga chini ya msingi.

Anza kwa kupima. Chukua mpira mwembamba unaoonyesha maji, ule wa mafundi, na vigingi viwili vilivyoachana mita 10. Tofauti ya kimo kati ya vigingi ikiwa mita 1.5, mteremko wako ni asilimia 15. Hapo usijaze kifusi ili upate tambarare. Chimba msingi wa ngazi, kila ngazi ikae kwenye udongo ambao haujaguswa. Kama ni lazima kujaza sebuleni, jaza sentimita 15, mwagia maji kidogo, shindilia, ndipo uongeze tabaka jingine. Wengi humwaga lori zima kisha wanashindilia juu tu.

Halafu maji ya bati. Paa la mita za mraba 100 likipata mvua ya milimita 50 usiku mmoja linamwaga lita 5,000. Bila gata, zote zinaangukia mstari mmoja kando ya msingi, na korongo huanzia hapo. Weka gata na tangi, na maji yanayozidi yapeleke kwa bomba hadi kwenye mtaro uliojengwa, usiyaelekeze kwa jirani wa chini.

Ukingoni panda vetiva, nyasi yenye mizizi mirefu, kwa kufuata usawa, shina kila sentimita 15, mwanzoni mwa mvua. Ukiacha pengo, maji yote yatapitia hapo. Ukuta wa kuzuia udongo uachie matundu kila mita moja na nusu, nyuma yake jaza kokoto. Kuta nyingi za huko hazikuangushwa na udongo bali na maji yaliyokosa pa kutokea, na ishara ya kwanza ni tumbo: ukuta unavimba katikati kabla haujapasuka. Ukiliona, toboa matundu siku hiyo hiyo, na umwite fundi kabla ya mvua nyingine.