Damu ya pwani kwenye baridi ya Kitulo

SWALI: Shikamoo Bibi Tabibu. Mimi ni mwalimu, mzaliwa wa Kigamboni. Nimepangiwa sekondari wilayani Makete, jirani na Kitulo. Nikipanda kutoka nyumba za walimu hadi darasani, moyo unadunda mpaka nausikia masikioni, na wanafunzi wananipita wakiwa na ndoo za maji kichwani! Asubuhi vidole vinapauka na kufa ganzi. Wenyeji wanacheka, eti nina damu nyepesi ya pwani. Ni kweli, au naumwa moyo?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Wenyeji wako hawako mbali na ukweli. Uwanda wa Kitulo uko kama mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, na huko mgandamizo wa hewa umepungua karibu robo ukilinganisha na Kigamboni. Kila pumzi inakupa oksijeni pungufu, lakini miguu inayopanda mlima inataka ileile. Hapo moyo hauna ujanja ila kwenda mbio. Ukiwa umekaa tu husukuma kama lita 5 kwa dakika, yaani karibu damu yako yote. Mlimani kazi hiyo huongezeka mara kadhaa.

Figo nazo zikihisi oksijeni ni haba, hutoa homoni inayouamsha uboho wa mifupa utengeneze chembe nyekundu zaidi. Hilo huchukua wiki kadhaa. Wanafunzi wako wamekulia huko, usishindane nao.

Kwa kuwa ni mwalimu, nenda buchani ununue moyo wa mbuzi, uukate kwa kisu kikali mbele ya darasa. Utaona ukuta wa chumba cha chini cha kushoto ni mnene, wa kulia ni mwembamba. Wa kulia hupeleka damu mapafuni tu, hapo jirani. Wa kushoto huisukuma mpaka unyayoni. Ndani mna nyuzi nyeupe, ngumu kuzikata hata kwa kucha. Hizo hushikilia valvu zisipinduke damu ikisukumwa. Ule mdundo tunaousikia kwa kipimo cha masikioni ni valvu zikijifunga. (Ukimaliza somo, kaanga. Moyo wa mbuzi na ugali wa Makete ni chakula cha mgeni.)

Vidole ni baridi tu: mishipa midogo ya ngozi hujibana ili joto libaki kifuani na tumboni. Vaa glavu.

Sasa jipime. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, usitumie dole gumba kwani lina mapigo yake, uhesabu dakika nzima ukiwa umetulia. Mtu mzima huwa kati ya 60 na 100. Yakizidi 100 kila ukipima, au ukiishiwa pumzi ukiwa umelala, ukizimia, ukibanwa kifua, miguu ikivimba, usingoje kuzoea milima. Nenda hospitali wakupime presha, moyo na wingi wa damu. Upungufu wa damu nao huukimbiza moyo hivyohivyo, na mlimani hujitokeza mapema.

Kula maharage, mboga za majani na maini. Chai ya rangi, najua nawaudhi majirani zangu wa Rungwe, isubiri saa moja baada ya chakula, maana huzuia madini ya chuma yasifyonzwe vizuri.