Safari ya Ghafla Milimani: Panga Kurudi, Mengine Yatajipanga

Ukisoma chuo Granada, kusini mwa Hispania, milima huwezi kuikwepa. Ukitoka kwenda darasani, Sierra Nevada iko pale juu, mara nyingi ina theluji hata majira ya kuchipua yakiwa yameshaingia. Ndiyo maana safari nyingi za wanafunzi huanzia jikoni usiku, mtu anapotamka tu, "Kesho twende," na asubuhi kundi zima liko kituo cha mabasi na mikate kwenye begi. Mimi ni mtetezi wa safari za namna hiyo. Anayengoja wikiendi isiyo na kazi za darasani, muhula humwishia maktaba.

Ila kuna jambo moja lisiloachiwa bahati, nalo ni kurudi. Mabasi ya Alpujarra, upande wa kusini wa milima hiyo, ni machache kwa siku. Kabla hujakata tiketi ya kwenda, jua basi la mwisho la kurudi linapita kila kijiji saa ngapi, na kama ni Jumapili au sikukuu, tazama ratiba ya siku hiyohiyo. Saa hiyo iandike kwenye karatasi, maana simu huzimika. Halafu kubalianeni saa ya kuacha kutembea, walau saa nzima kabla ya basi. Mkishaafikiana hilo, zurureni mpendavyo.

Kwa mara ya kwanza, nenda bonde la Poqueira. Vijiji vitatu vyeupe vimekaa ngazi kwa ngazi kwenye ubavu wa korongo moja: Pampaneira karibu mita 1,060 juu ya usawa wa bahari, Bubión karibu 1,300, na Capileira karibu 1,440. Basi kutoka Granada huchukua kama saa mbili, likipitia Lanjarón na Órgiva, na huduma ya basi hufika vijiji vyote vitatu. Hiyo ndiyo sababu ninalipendekeza bonde hili kwa asiyejipanga: mwenzenu akichoka Bubión, safari inaishia Bubión na hakuna kilichoharibika.

Shukeni Pampaneira, mpande. Wako wanaopenda kushukia Capileira ili wateremke tu, lakini njia hizi ni za mawe na zina mwinamo mkali, na mteremko huwatesa magoti wasiozoea. Kuhusu muda, tumia kanuni ya William Naismith, mpanda milima wa Uskoti, ya mwaka 1892: kwa vipimo vyetu, saa moja kwa kila kilomita tano, na saa moja zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Pampaneira hadi Capileira ni chini ya kilomita nne na mpando wa mita 380 hivi, kwa hiyo haizidi sana saa moja na nusu ya kutembea. Mimi ningeitengea nusu siku, kwa sababu ya vitu vya kutazama.

Tazama paa. Ni bapa, zimefunikwa udongo wa kijivu, na nyumba zake zinafanana na za Waberberi wa milima ya Atlas kule Moroko. Granada, iliyokuwa ikitawaliwa na Waislamu, ilipoanguka mikononi mwa Fernando na Isabel, watawala Wakristo, mwaka 1492, Waislamu wengi walibaki katika milima hii. Mwaka 1568 wazao wao, ambao kufikia hapo walikuwa wamelazimishwa kubatizwa, waliasi kwa kuzuiwa lugha, mavazi na desturi zao. Uasi ulizimwa kufikia 1571, wakahamishwa, na mashamba yakapewa walowezi kutoka sehemu nyingine za Hispania. Mifereji ya hao waliohamishwa bado inaleta maji ya theluji mashambani. Utaisikia pembeni mwa njia kabla hujaiona. Kwangu mimi, kusoma habari hizi darasani na kuvuka mfereji wenyewe kwa miguu ni vitu viwili tofauti kabisa, na ni sababu tosha ya kufunga vitabu kwa siku moja.

Njiani angalia alama za rangi kwenye mawe. Nyekundu na nyeupe ni za njia ndefu, njano na nyeupe ni za njia fupi, na rangi zikichorwa msalaba, hapo si njia yako. Pakua ramani ukiwa bado mjini, kwani mtandao korongoni si wa kutegemea. Namba ya dharura ni 112, bila malipo. Beba pasipoti au kitambulisho chako cha mkaazi mgeni, kwani polisi wana haki ya kukiomba. Vaa viatu vya soli inayoshika, uchukue na koti: Capileira iko kama mita 700 juu ya Granada, na hewa hupoa nyuzi sita hivi kwa kila mita 1,000. Maji yapo kwenye chemchemi za vijijini. Palipoandikwa "no potable", yaani si ya kunywa, usinywe. Mahitaji ya dukani nunua mapema, kwa sababu maduka mengi hufungwa kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi na moja.

Mkifika Capileira mna nguvu na saa zinatosha, kuna njia inayoendelea juu ya bonde hadi La Cebadilla, makazi yaliyoachwa ya wafanyakazi wa umeme wa maji. Mwezi wa Juni iendeeni. Desemba jua huzama karibu saa kumi na mbili jioni, na korongoni kivuli hutangulia mapema zaidi, kwa hiyo wakati huo ishieni Capileira.