Hovakrafti ya Ubao: Shughulikia Sketi Kabla ya Kutafuta Mota Kubwa

Tangu vijana wa hapa Lamu waanze kujiundia hovakrafti za ubao, yaani vyombo vinavyonyanyuliwa na hewa inayopulizwa chini yake, swali wanaloniuliza zaidi ni hili: "Maalim, tutafute blowa ya nguvu gani?" Nawajibu kwamba blowa ya kawaida ya kupeperushia majani, ikiwa nzima, humnyanyua mtu. Chombo kikigoma kunyanyuka, kigeuze kwanza utazame chini yake.

Piga hesabu uone. Plaiwudi huuzwa futi 4 kwa 8, kwa hiyo karatasi moja inatoa maduara mawili ya futi 4. Duara moja lina eneo la mita ya mraba moja na kidogo. Mtu, ubao na blowa vikifika kilo 80, shinikizo linalohitajika ni sawa na uzito wa maji ya kina cha sentimita 7 hivi. Unaweza hata kulipima: chukua ule mpira mwangavu ambao waashi hupimia levo, utie maji kidogo, uukunje upande wa chini, kisha chomeka ncha moja kwenye tundu dogo la ubaoni. Blowa ikiwaka na mtu ameketi juu, maji hushuka upande mmoja na kupanda mwingine. Tofauti ya urefu ndiyo shinikizo lako. Kila kundi ninalolisaidia nalihimiza lifanye kipimo hiki, maana baada ya hapo hakuna tena anayebishana kuhusu mota.

Sasa sketi, yaani mfuko wa hewa wa chini. Tumia plaiwudi ya milimita 12 na ile nailoni nzito inayotandazwa kabla ya kumwaga zege. Kitambaa cha tanga ni imara lakini hewa hupenya. Kata nailoni izidi ubao kwa shubiri nzima kila upande, ikunje juu ya ukingo, ipige pini za stepla kwa karibu karibu, halafu funika pini zote kwa utepe mpana wa gundi. Katikati, upande wa chini, ibane kwa kisahani cha plaiwudi, bolti, washa na nati. Kuzunguka kisahani hicho toboa matundu sita ya upana wa sentimita 5, kingo zake ukizitia utepe zisichanike. Tundu la kuingizia hewa likae ubaoni, kati ya kitovu na ukingo.

Wengi huogopa kutoboa. Wanaona hewa itapotea. Lakini hewa inayopita kwenye matundu hayo ndiyo inayojaa chini ya chombo na kukibeba. Inapotorokea pembeni huacha mwanya wa milimita moja hivi kati ya nailoni na sakafu, na mwanya huo ndio unaoondoa msuguano. Mfuko usiotobolewa utavimba tu na kukaa chini.

Na usiivute nailoni ikakaza. Fundi mmoja wa majahazi wa Matondoni alikuja kutazama, akaipapasa sketi iliyokazwa, akasema: "Maalim, tanga likinyooshwa likawa bapa halina pepo. Liachie tumbo." Ndivyo ilivyo. Sketi ikiwa na ulegevu hujaa, hukaa sawa, na hufuata vijibonde vya sakafu.

Mwanya wa milimita moja unakwambia pia pa kuendeshea: sakafu laini ya saruji au vigae, ukumbini au uwanjani. Mchanga wa Shela haufai. Una mawimbi madogo yanayotorosha hewa, na ule mkavu hurushwa mpaka machoni na ndani ya blowa. Vichochoro vya mji navyo viacheni. Kuna punda na wazee wanapita, na chombo hiki hakina breki. Blowa ya petroli isiwashwe ndani ya chumba, kwa sababu moshi wake unaua. Vaeni miwani, zibeni masikio.

Upande mmoja ukiburura, msogeze mwendeshaji kidogo kuelekea upande ulionyanyuka. Mara nyingi hilo linatosha.

Kuna wanaotaka kuipeleka baharini. Nawaelewa, kwani hovakrafti kweli ni chombo cha bahari: Christopher Cockerell wa Uingereza alijaribu wazo lake mwaka 1955 kwa makopo mawili na kipulizio cha hewa, na tarehe 25 Julai 1959 hovakrafti iliyoitwa SR.N1 ikavuka mlango wa bahari kutoka Calais, Ufaransa, hadi Dover, Uingereza. Lakini chombo cha majini huwa na bodi inayoelea hata mota ikizimika, feni ya kukisukuma, na usukani. Ubao wetu hauna hata kimoja kati ya hivyo. Ukizimika mkondoni utalowa, utapinduka, na kama blowa ni ya umeme, hatari ni kubwa zaidi. Anayetaka kwenda majini aanze upya na bodi ya mashua, na mafundi wa kumfundisha tunao hapa hapa.