Jibu: Mashine kuukuu ya kuchanganya rangi za magari
Mkuu, umesema mashine yako ya mtumba inazunguka vizuri ila rangi ya silva unayochanganya haifanani na ya gari. Usikimbilie mota. Zamisha kijiti hadi kitako cha kopo la rangi: kikitoka na tope zito, unga wa alumini unaoipa silva mng'ao umetuama. Koroga kwa mkono mpaka tope liishe, ndipo urudishe mfuniko wenye kikorogeo, uwashe mashine dakika 15 asubuhi na 15 mchana. Midomo ya mifuniko ifute kwa thina kila ukimimina. Mizani ya kupimia rangi ikae sawasawa, mbali na feni, uijaribu kwa jiwe la gramu 100. Yangu ilidanganya gramu mbili, nikarudia kupaka bampa moja mara tatu! Mota ikitoa cheche zima haraka, chumba cha rangi kimejaa mvuke wa thina unaoshika moto.